Waya mmoja wa ziada, na kituo kizima kikazimika

Alhamisi moja baada ya swala ya Isha simu yangu ililia. Alikuwa mpwa wangu, barobaro wa Kisauni aliyepata kazi ya mkataba wa miezi mitatu huko Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, upande wa kuingilia Rongo. Kutoka hapa Mombasa hadi huko ni zaidi ya kilomita 800. Wengi wetu Asumbi tunaijua kwa sababu ya skuli ya wasichana na chuo cha walimu, lakini yeye hakuwa katika moja ya hizo. Alikuwa katika kituo kimoja kidogo cha mafunzo ya kompyuta katika eneo hilo, na jina lake nitalihifadhi.

"Mjomba, shikamoo. Mtandao umekufa wote. Mwenye kituo asema ni mimi nimeuua, na Jumatatu vijana waja kufanya maombi ya mkopo wa HELB. Isiporudi kufikia Jumatatu, nifunge mizigo."

Nikamuuliza kulibadilika nini siku hiyo. Akasita kidogo, kisha akasema: "Nilitia waya mmoja tu. Wa tahadhari."

Mimi si injinia. Nina diploma yangu ya teknolojia ya habari na miaka kadhaa ya kupanda ngazi na kutambaa chini ya meza za watu nikifuata waya. Lakini aliposema hivyo nilijua tatizo liko wapi. Nimeamua kulieleza hapa kwa sababu swichi kama zile ziko katika zahanati zetu, skuli zetu, hoteli zetu na ofisi za hapa Mji wa Kale, na makosa yaliyofanywa kule yanafanywa huku kila siku.

Kituo kile kina swichi tatu. Moja iko ofisini, ndiyo inayopokea intaneti kutoka kwa ruta. Ya pili iko darasani, penye kompyuta za wanafunzi. Ya tatu iko stoo, kuukuu, ya kasi ya megabiti 100, nayo hushikilia printa na mashine mbili tatu. Ofisi imeungwa na darasa kwa waya wa gigabiti moja, na ofisi imeungwa na stoo. Mpwa wangu akafikiri: waya wa darasani ukikatika, darasa lote litakaa gizani. Basi akavuta waya mwingine kutoka darasani hadi stoo, ili njia moja ikifa nyingine ibaki.

Wazo lenyewe si la kijinga. Sisi watu wa Pwani ndio tunaopaswa kulielewa kuliko wengine, maana kebo za TEAMS na SEACOM zilitia nanga hapa kwetu Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Zilipokatika SEACOM na EASSy mnamo Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ikaenda kwa kuchechemea, na waliokuwa na njia nyingine wakapata afueni. Kwa hiyo kijana aliyelelewa Kisauni akiwaza "njia mbili ni bora kuliko moja" hajakosea. Kilichomponza ni kwamba swichi hazifikiri kama ruta.

Chukua mfano wa mwaliko wa harusi. Nyumba tatu, kila moja ni jirani ya mbili nyingine. Sharti ni moja: ukipokea mwaliko, mpe kila jirani isipokuwa yule aliyekuletea. Nyumba ya kwanza inawapa ya pili na ya tatu. Ya pili inampa ya tatu, ya tatu inampa ya pili. Kisha zote mbili zinarudisha kwa ya kwanza, nayo inatuma tena. Hakuna anayesema "huu nimeshauona." Mwaliko mmoja unazunguka pande zote mbili usiku kucha, na kila harusi mpya inaongeza mialiko mingine juu ya ile ya zamani.

Swichi hufanya hivyo hasa kwa ujumbe wa kutangazwa kwa wote, ule ambao kompyuta huutoa ikiuliza "nani mwenye anwani hii?" Ujumbe huo ni wa kawaida, kila mashine huutoa mara nyingi kwa siku. Pakiti za intaneti zinazopita kwenye ruta zina hesabu ya umri ndani yake: kila ruta inapunguza moja, na hesabu ikifika sifuri pakiti inatupwa. Pakiti ya swichi haina umri. Ikiingia kwenye kitanzi haifi mpaka waya uchomolewe au stima ipotee. Kwa sekunde chache tu waya zinajaa, swichi zinashindwa kujua kompyuta gani iko upande gani kwa sababu zinaiona ikitokea kila upande, na mtandao wote unakwama. Mafundi huita hali hii dhoruba. Ukiiangalia kwa macho utaitambua: taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kwa kasi, wala hakuna anayetumia kompyuta.

"Zinapepesa hivyo?" nikamuuliza.

"Zinapepesa kama taa za harusi, Mjomba."

Nikamwambia achomoe ule waya wake wa tahadhari. Akachomoa, na kabla hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani mtandao ukarudi. Mtu mwingine angeishia hapo, akalala. Lakini mimi nilikuwa na swali lililonikera: swichi hizo tatu ni za aina inayoweza kupangwa kwa amri, si zile za bei rahisi zisizo na akili. Swichi za namna hiyo zinakuja kutoka kiwandani zikiwa na kinga ya jambo hili hili. Kwa nini haikufanya kazi?

Kinga yenyewe inaitwa spaningi trii, yaani mti uliotandaa, na kwa kifupi huandikwa STP. Aliyeibuni ni mwanamke wa Kimarekani, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, na maandishi yake yalitoka mwaka 1985. Mkubwa wake alimpa tatizo hilo kisha akaenda likizo. Aliporudi, jibu lilikuwa tayari, na bibi huyo alikuwa ameshalitungia hata shairi. (Sisi tunaodhani mashairi na mitambo ni maadui tulifikirie hilo.) Fikra yake ni hii: mti hauna kitanzi. Kutoka kwenye shina unaweza kufika kila tawi, lakini kwa njia moja tu. Basi swichi zikubaliane zenyewe kuwa mti. Wacha waya zote zichomekwe, hata za ziada, lakini ile inayotengeneza kitanzi ifungwe kwa muda, ikae macho ikisikiliza. Njia kuu ikikatika, ile iliyofungwa inafunguka.

Zinakubaliana vipi? Kila sekunde mbili swichi hutumiana ujumbe mfupi unaoitwa BPDU. Kwanza zinachagua mkubwa, swichi mzizi. Kila swichi ina namba ya kipaumbele, ikifuatiwa na anwani yake ya MAC iliyotiwa kiwandani. Yenye namba ndogo kabisa ndiyo mzizi. Kisha kila swichi nyingine inahesabu gharama ya kufika kwa mzizi: waya wa megabiti 100 gharama yake 19, wa gigabiti moja gharama yake 4. Njia ya gharama ndogo inabaki wazi, ile inayorudia inafungwa.

Nikamwambia mpwa wangu aunge laptopu yake kwenye swichi ya ofisi, aandike "show spanning-tree" na anisomee. Akasoma: hakuna mti wowote. Darasani, hivyo hivyo. Stoo, hivyo hivyo. Kuna mtu alipita kabla yake, akazima kinga hiyo katika swichi zote tatu kwa mkono wake, kwa amri ya "no spanning-tree vlan 1".

Huyo fundi simjui, wala sina haja ya kumtukana, kwa sababu najua kilichompeleka huko. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo katika ofisi moja hapa Mombasa, miaka ya mwanzo ya kazi yangu, na nikalipwa pesa taslimu kwa hilo kosa.

Upande ule wa ziwa na milima ya Kisii mvua za jioni huja na radi, na stima hupotea mara kwa mara. Stima ikirudi, kompyuta na swichi zinawaka pamoja. Sasa, STP ya asili ni mwoga. Poti ikiamka tu, haiifungui papo hapo. Sekunde 15 inasikiliza kama kuna kitanzi, sekunde 15 nyingine inajifunza nani yuko wapi, ndipo inaruhusu pakiti kupita. Jumla ni sekunde 30. Kompyuta kwa wakati huo inaomba anwani ya mtandao, haijibiwi, inakata tamaa. Mwanafunzi anaona hakuna intaneti. Mwenye kituo anamwita fundi. Fundi anasoma mahali fulani kwamba spaningi trii ndiyo inayochelewesha, anaizima, kompyuta zinashika mtandao mara moja, anapewa chake na kuondoka akiwa shujaa.

Ni sawa na kumfukuza bawabu kwa sababu anawauliza hata watoto wa nyumbani majina yao mlangoni. Nyumba inakaa salama miaka miwili, mpaka siku mtu asiyejua anapofungua mlango wa nyuma. Mtu huyo akawa mpwa wangu, na lawama ikamwangukia yeye.

Dawa ya zile sekunde 30 ilikuwepo tangu zamani, na haikuhitaji kuzima chochote. Unaiambia swichi: poti hii ina kompyuta tu, hakuna swichi nyine upande wa pili, kwa hiyo ifungue papo hapo. Kwenye swichi za Cisco, na hizo ndizo alizokuwa nazo, amri ni "spanning-tree portfast", nayo hutiwa kwenye poti za kompyuta na printa peke yake. Poti inayounganisha swichi na swichi usiitie kamwe, kwa maana hapo ndipo kitanzi kinapozaliwa.

Tukaanza kazi, yeye akiandika, mimi nikisema kwenye simu. Kwanza ule waya wa tahadhari ubaki umechomolewa mpaka nimwambie. Hili nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu: usiwashe STP katikati ya dhoruba, vunja kitanzi kwanza kwa mkono.

Kisha kwenye kila swichi akaandika "spanning-tree mode rapid-pvst" na "spanning-tree vlan 1". Ya kwanza inaleta toleo la haraka, lililotokana na kiwango cha 802.1w cha mwaka 2001. STP ya zamani njia kuu ikikatika inaweza kuchukua hadi sekunde 50 kufungua njia ya akiba. Hili la haraka mara nyingi humaliza kwa sekunde moja au mbili. Swichi zote ziwe kwenye toleo moja, kwa sababu ile ya haraka ikikutana na ya zamani, hulazimika kutembea kwa mwendo wa mzee kwenye waya huo.

Akarudia kusoma hali. Mti sasa ulikuwepo, lakini mzizi ulikuwa swichi ya stoo!

Hapa ndipo wengi wanapoachia, kwa sababu mtandao unafanya kazi na hakuna anayelalamika. Lakini tafakari. Swichi zote zinatoka kiwandani na kipaumbele kimoja, 32768. Zikiwa sawa, mshindi ni mwenye anwani ndogo ya MAC, na mara nyingi anwani ndogo ni ya mashine ya zamani zaidi. Maana yake, usipochagua mwenyewe, ufalme unaweza kwenda kwa ile swichi kuukuu iliyo nyuma ya mifagio. Na hapo Asumbi madhara yake yanahesabika. Mzizi ukiwa stoo, darasa lina njia mbili za kufika huko: moja kwa moja kwa waya mpya, gharama 19, au kupitia ofisini, 4 na 19, jumla 23. Litachagua 19. Ofisi nayo itakwenda stoo moja kwa moja kwa 19. Waya unaobaki bila kazi ni upi? Ni ule wa ofisi na darasa, wa gigabiti moja, waya bora kuliko zote! Ungefungwa, na wanafunzi wote wangepita stoo kwa njia ya megabiti 100 ili kufika kwenye intaneti iliyo ofisini. Kisha mwenye kituo angelalamika kwamba intaneti ni pole pole, angenunua kifurushi kikubwa zaidi, na isingesaidia.

Basi kwenye swichi ya ofisi akaandika "spanning-tree vlan 1 priority 4096". Namba hizi huenda kwa hatua za 4096, huwezi kutia yoyote uitakayo. Swichi ya darasa akaipa 8192, iwe makamu endapo ya ofisi itakufa. Ya stoo tukaiacha na 32768 yake. Hesabu ikageuka: darasa linafika ofisini kwa 4, stoo inafika ofisini kwa 19, na waya wa darasa na stoo ndio utakaofungwa, upande wa stoo. Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyokusudia tangu mwanzo.

Zikaja poti za kompyuta. Kila moja akaitia portfast, na pamoja nayo amri ya pili ambayo bila ya hiyo mimi silali: "spanning-tree bpduguard enable". Portfast ni kumwambia bawabu amwachie mtoto wa nyumbani apite. Hii ya pili ni kumwambia: lakini akija na mgeni, funga mlango. Poti ya kompyuta haitakiwi kusikia BPDU. Ikiisikia, kuna mtu amechomeka swichi, au mwanafunzi amechukua waya mmoja akatia ncha zote mbili ukutani ili uonekane nadhifu. Hilo la mwisho nimelikuta kwa macho yangu. Poti inajifunga yenyewe, na shida inabaki kwenye meza moja badala ya kuenea jengo zima. Kuifungua ni kuondoa kosa, kisha kuizima na kuiwasha poti kwa amri.

Naongeza tahadhari kuhusu zile swichi ndogo za poti tano au nane zinazouzwa madukani na kutupwa chini ya meza. Hazina STP. Nyingi zinapitisha BPDU bila kuzielewa, na hapo kinga ya swichi kubwa hugundua kitanzi. Nyingine zinaimeza, na hapo bawabu anakuwa kipofu. Ukilazimika kuzitumia, weka pia kikomo cha matangazo kwenye poti ya swichi kubwa, ile inayoitwa "storm-control".

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kituo kidogo na kijana mgeni wa kazi. Mwezi Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess huko Boston, Marekani, hospitali kubwa ya kufundishia madaktari, ilikaa takriban siku nne mtandao wake ukianguka na kuinuka. Wauguzi wakarudi kuandika kwa kalamu, majibu ya maabara yakapelekwa kwa miguu. Mtandao ule ulikuwa umekua kwa kuunganishwa kipande kwa kipande, mpaka njia kutoka swichi moja hadi nyingine ikapita kiwango cha swichi saba ambacho STP, kwa mipangilio yake ya kawaida, imekusudiwa kukihimili. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, hakuficha. Alieleza hadharani kilichotokea ili wengine wajifunze, na ndiyo maana mimi na wewe tunakijua. Hapa kwetu, ambako siku hizi hata kumhudumia mgonjwa wa bima ya SHA kunapitia mtandaoni, sijui ni zahanati ngapi zina swichi iliyozimwa kinga na fundi aliyekuwa na haraka. Kuangalia ni amri moja.

Turudi Asumbi. Saa tano usiku ilikuwa imepita. Nikamwambia ahifadhi kazi yake kwa "copy running-config startup-config" kwenye kila swichi, kwani amri zisizohifadhiwa hufutika stima ikipotea, na kule stima ikipotea haiagi. Nikamshauri pia amweleze mwenye kituo kwamba waya wa shaba unaopita nje kati ya jengo na jengo ni mwaliko kwa radi, na siku akipata pesa abadilishe kwa faiba. Hilo halihusiani na mti wetu, lakini swichi iliyoungua haina mti.

"Sasa rudisha ule waya wako."

Akanyamaza. Kisha: "Mjomba, una hakika?"

"Rudisha."

Nikasikia hatua zake, mlango wa stoo, kisha kimya. Mtandao haukuanguka. Nikamtaka achomoe waya mkuu wa darasa huku kompyuta moja ikiwa inacheza video kutoka intaneti. Video ikasita kama mtu anayemeza mate, ikaendelea. Akaurudisha waya mkuu, na mambo yakawa kama kwanza.

Ijumaa alimwita mwenye kituo na kumwonyesha jaribio lile lile, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee hakuamini. Jumatatu asubuhi nikapata picha kwenye simu: swichi ya stoo, vumbi tele, taa moja ya kijani na jirani yake ya rangi ya chungwa. Chini yake ameandika, "Ile ya chungwa ndiyo waya wangu. Umefungwa, lakini upo."